Kidonge Kwenye Kisahani cha Misumari

Mdogo wangu wa mwisho ni fundi wa makochi, na mtaani hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Kimya. Si bubu, wala hana maringo. Mdomo wake una kazi nyingine, basi. Tangu ujana wake anafanya kazi na misumari mdomoni, ile midogo yenye vichwa bapa ya kubania kitambaa kwenye mbao. Anajaza shavu la kushoto, halafu ulimi unausukuma mmoja mmoja mpaka midomoni, kichwa kikitangulia, na nyundo yake yenye sumaku inaudaka pale pale. Tak, umeshaingia. Mkono mmoja unavuta kitambaa, mwingine una nyundo, na wa tatu Mungu hakumpa, kwa hiyo mdomo ndio mkono wa tatu. Ukimuuliza jambo saa hizo anakujibu kwa nyusi.

Wateja wamezoea. Mtu anakuja kugomba kuhusu kochi lake, anafoka weee, Kimya anamtazama tu na shavu limevimba, mwisho mteja anaishiwa maneno anaomba maji ya kunywa. Msemaji ni mke wake, wifi yangu. Yeye hukaa kwenye cherehani chini ya dirisha akishona foronya za mito ya makochi, na hujibu kwa niaba ya wote wawili bila kuinua kichwa. "Fundi anasema kesho," humwambia mteja. Fundi hajasema kitu.

Sebule yao ndiyo karakana. Ukiingia unaruka springi, unakwepa mbao, unakaa mahali ukipapasa kwanza kama hakuna sindano. Harufu ya gundi inakupokea mlangoni, na vumbi la magunia linakufuata mpaka kwako. Mimi nimeingia humo miaka yote na sijawahi kuogopa kitu, mpaka siku niliyopeleka kiti changu.

Ni kiti cha mikono, alichoniachia marehemu mume wangu, na kikalio kilikuwa kimezama kama sufuria. Nilimlipa mwenye mkokoteni anibebee, nikaingia, na Kimya akasema:

"Ah, Dada, karibu, karibu! Pita huku, angalia huo waya. Mguu unaendeleaje? Umekunywa chai?"

Mtu aliyenyamaza maisha yake yote akikupokea kwa hotuba, ujue kuna jambo. Nikatazama mdomo wake, mtupu. Misumari ilikuwa kwenye kisahani cha chai juu ya benchi, na yeye anaiokota kwa vidole, anaiangusha, anajigonga kidole gumba.

"Wifi," nikasema, "huyu ana nini?"

Wifi alikuwa anatazama sindano ya cherehani na cherehani haikuwa inakwenda. "Mwambie mwenyewe, fundi," akasema.

Akaniambia. Alikwenda hospitali kumchangia damu jirani aliyekuwa anapasuliwa, wakampima, wakamwita tena, wakamwambia damu yake haifai kupewa mtu. Ana homa ya ini, ile ya C. Ameishi nayo miaka mingi bila kujua na ini limeshaanza kuwa gumu. Kwa kuwa fundi akiwa na haraka mke wake humshikia mdomoni mwake misumari iliyotoka mdomoni mwa fundi, halafu anamrudishia, yeye amejaa hofu kwamba amemuua. Wifi ameshapimwa, hana kitu. Kimya haamini. Ndiyo maana kisahani.

Mbele ya macho yangu alikuwa amesimama marehemu kaka yake.

Tulikuwa watatu. Mimi mkubwa, kisha marehemu, kisha Kimya. Marehemu alikuwa mtu wa miraba minne, mpakia magunia, na ugonjwa ulimla kuanzia ndani. Macho yalikuwa ya njano kama kiini cha yai. Miguu ikawa fimbo na tumbo likawa ngoma. Hatukujua ni nini; huyu anasema karogwa, yule anasema kala sumu. Kimya ndiye aliyekuwa akimbeba kumpeleka kuoga. Daktari baadaye alituuliza kama utotoni tulichomwa sindano mitaani, nikacheka bila furaha. Nani hakuchomwa? Kulikuwa na mchoma sindano aliyepita nyumba kwa nyumba na sindano moja ndani ya kikopo. Mama alitupanga kwa ukubwa. Nilianza mimi, akafuata marehemu, akafuata Kimya. Daktari akasema labda ni hapo, labda siyo, hawezi kuapa. Mimi nimepimwa, niko safi. Nilikuwa wa kwanza kwenye mstari ule. Sipendi kulifikiria.

Basi mjue nilichokiogopa. Kilikuwa kimoja tu, kwamba huyu naye atakwenda njia ile ile, na tumbo lile lile, na mimi nitabaki peke yangu kati ya watoto wa mama yangu. Na mjue na alichokiogopa yeye, maana wifi alininong'oneza jikoni: kila asubuhi, kabla ya kuvaa shati, anajizungushia futi yake ya kupimia vitambaa tumboni na kusoma nambari.

*

Kliniki walisema ugonjwa huu siku hizi una dawa na unapona. Kidonge kimoja kila siku kwa miezi mitatu, kila mwezi na chupa yake. Baada ya kumaliza, unasubiri miezi mingine mitatu ndipo unapimwa kipimo cha mwisho, cha kujua kama wadudu wamekwisha kabisa. Nilimsindikiza mwenyewe. Tulipelekwa kwenye chumba kidogo chenye feni isiyozunguka, kwa muuguzi mmoja mnene wa miwani, ambaye wagonjwa kwenye benchi walimwita Mama Maswali. Nilidhani ni utani.

"Fundi," akamuuliza, "ukivifikiria hivi vidonge, nini kinakujia?"

"Atavimeza," nikasema. "Mimi nitahakikisha."

"Asante, mama. Na wewe, fundi?"

Aliuliza hivyo mpaka tukatoka, kwa upole, kama mtu anayetafuta pete kwenye majani. Hakuagiza kitu. Njiani nikamwambia Kimya, "Serikali imeishiwa wauguzi wenye majibu, wametuletea huyu." Kimya akatabasamu. Nilifurahi kuona meno yake.

Chupa mbili za kwanza zilikwenda bila kelele. Alipokwenda kuchukua ya tatu alimwomba daktari ampime kwanza, aone kama dawa inafanya kazi. Daktari alikuwa na foleni mpaka nje. Akamwambia kipimo ni ukishamaliza, bwana, haya, anayefuata. Kimya akarudi na chupa yake, akaiweka rafuni juu ya makopo ya gundi.

Siku chache baadaye wifi alikuja kwangu amejifunga kanga vibaya, akabaki amesimama.

"Wifi, ile chupa naitikisa kila siku. Sauti ni ile ile."

Mimi kusoma kwangu ni kwa kuokoteza herufi, lakini masikio yangu ni mazima. Nilikwenda nikaitikisa mwenyewe. Ilikuwa inalia kwa sauti nzito ya chupa iliyojaa.

Nikahamia kazini kwake. Kila asubuhi nikimaliza kufagia kwangu nilikwenda, nikachukua kidonge, nikachukua kikombe cha maji, nikasimama mbele yake kama askari wa zamu.

"Meza."

"Dada, nitameza baadaye."

"Baadaye ndiye aliyemuua kaka yako. Meza."

Aliweka mdomoni, akanywa maji, koo likapanda na kushuka. "Fungua." Akafungua. "Inua ulimi." Akainua. Nilirudi nyumbani nikitembea kama niliyeshinda kesi. Nilimwambia mpaka muuza mkaa, "Mimi hanichezei mtu."

Asubuhi moja alikuwa amelala chali chini ya mgongo wa kochi. "Dada, nisogezee kisahani," akasema. Nikakichukua. Ndani, katikati ya misumari myeusi, kulikuwa na kitu kimelowa, kimeanza kuyeyuka, misumari miwili imegandia humo. Nikakigusa. Nikakipeleka dirishani kwenye mwanga.

Ni kidonge.

Ndipo nikaelewa nilikuwa nabishana na shavu la namna gani. Mtu anayeweza kuficha misumari mdomo mzima na kunywa chai, atashindwa kuficha kidonge kimoja mbele ya kikongwe? Kilikuwa kinakaa kule nyuma, kati ya jino la mwisho na shavu, mahali misumari yake imechimba kitanda. Na mimi natazama chini ya ulimi!

"Ulivyotema ni vingapi?" Hakutoka chini ya kochi. "Unataka kufa? Unataka tumbo lile? Unataka nikuzike na wewe, ndicho unachotaka, nibaki nazungumza na makaburi? Kichwa maji wewe! Mke wako ataolewa na nani, na uzee wote huu?"

"Wifi!" wifi akasema.

Kimya alitoka chini ya kochi, akasimama. Uso wake haukuwa na hasira. Laiti ungekuwa na hasira. Alichota misumari kwenye kisahani, yote, pamoja na kidonge kilichogandia, akaijaza mdomoni. Ilikuwa mara ya kwanza tangu apate habari za ugonjwa. Akageuka akaanza kugonga. Tak. Tak. Tak. Nilimsemesha mgongo huo mpaka sauti ikanikauka. Mdomo wenye misumari hauli, haunywi na haujibu. Alikuwa amejifungia ndani ya nyumba ambayo mlango wake ni yeye mwenyewe.

*

Nilikwenda kliniki kumchukua Mama Maswali aje amtishe. Nilimkuta anakunywa maji kwa kifuniko cha chupa.

"Njoo umtie hofu," nikamwambia. "Una sare, atakuogopa."

"Wewe umeshamtisha, mama?"

"Kila siku ya Mungu."

"Na imesaidia vipi?"

Nikatazama feni yake mbovu.

"Mama," akasema, "wewe mwenyewe unaogopa nini zaidi?"

"Mimi? Mimi siogopi kitu. Nimezika mume, nimezika mdogo wangu, nimezaa bila mkunga. Siogopi."

Hakubisha. Alinyamaza na kuningoja, na kungoja kwake kulikuwa kubaya kuliko maswali. Nikamwambia nimeacha nguo kwenye kamba na mvua inanyemelea, nikaondoka. Mbingu ilikuwa nyeupe tupu.

Alikuja siku ya pili yake, siku yao ya kuzungukia wagonjwa, na mkoba wake begani.

"Hodi, fundi. Sikufichi, dada yako alinifuata. Lakini nyumba ni yako. Ukisema nirudi siku nyingine, nitarudi."

Kimya akatema misumari kwenye kiganja. "Pita," akasema.

Alikaa kwenye kochi lisilo na kitambaa, gunia na springi tu. Springi moja ikalia chini yake.

"Dada abaki au atupishe kidogo?"

"Abaki," Kimya akasema. "Lakini anyamaze. Na hawezi."

"Nani hawezi?" nikasema.

Wifi akaficha uso nyuma ya cherehani, mabega yakamtikisika. Kimya hakucheka. Alifungua boksi jipya la misumari, akanimiminia kiganjani kidogo. "Weka shavuni, Dada. Ukiwa nayo hutasema."

Mngefanyaje? Kukataa ni kukubali siwezi. Nikaiweka.

Sijui niwaelezeje. Ni baridi, na ina ladha ya mafuta na chuma kama umejing'ata. Mate yanajaa mara moja, na unaogopa kuyameza, maana unaona kabisa msumari mmoja umeshika njia ya koo. Meno yangu yaliyobaki hayakuwa na msaada. Nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, mgongo umenyooka, nikipumua kwa pua, na nikajifunza kwamba mtu mwenye hofu hata mate yake mwenyewe hayamezeki.

"Vidonge vinakwendaje?" Mama Maswali akauliza.

"Haviendi."

"Haviendi."

"Chupa mbili za kwanza nilimeza."

"Mbili nzima, kila asubuhi. Hiyo si kazi ndogo. Uliwezaje?"

"Sijui. Niliamka, nikameza, nikaingia kazini." Akakuna shingo. "Hakuna aliyenishikia koo."

Hilo lilikuwa langu. Misumari ikagongana shavuni.

"Halafu ya tatu ikawa nyingine," akasema muuguzi.

Kimya hakujibu. Niliujua ukimya huo. Ningekuwa mimi ningeushambulia kwa maneno papo hapo. Muuguzi akauacha ukae, akaweka mikono mapajani, akatazama pale anapotazama fundi. Alikuwa anatazama kiti changu. Kilikuwa tayari, kitambaa kipya cha buluu, kimewekwa ukutani. Sikuelewa kwa nini hajaniletea.

Akakivuta katikati. "Unaona huu?" Pembeni mwa kikalio kulikuwa na msumari mmoja umeingia nusu, kichwa kimesimama nje. "Huu wa mwisho siupigi. Sijawahi kuupiga, kwa kiti cha mtu yeyote. Mwenyewe aje akalie kwanza. Kikizama nafungua, nafunga springi upya. Nikishaupiga, imekwisha. Kuung'oa ni kuchana kitambaa."

"Ndiyo."

"Basi chupa ile ndiyo msumari wa mwisho. Nilitaka wanipime kabla. Nikalie, nione kama kinakalika. Wakasema mpaka nimalize." Sauti yake ilishuka. "Sasa nikimaliza, nikakuta ugonjwa upo? Kaka yangu alikuwa anakula uji, anataniana na mimi, mpaka siku walipomwambia hakuna dawa nyingine. Siku ile ile aligeukia ukutani. Hakugeuka tena. Mimi ndiye niliyekuwa pale."

"Chupa ikiwa rafuni…" muuguzi akaanzisha.

"Bado nina kitu."

"Kwa hiyo si kwamba hutaki kupona," Mama Maswali akasema taratibu. "Unaogopa siku ambayo rafuni hakutakuwa na kitu."

Kimya aliinama. Taya yake ilikuwa inacheza kama anatafuta msumari ambao haumo. Cherehani ya wifi ilikuwa kimya, mlangoni nzi anapiga kioo, na mimi kwenye ndoo yangu nilitaka kupiga kelele, mpumbavu wewe, kwa nini hukuniambia? Ulimi ukagonga chuma. Na mara nikajijibu. Aniambie saa ngapi? Ni lini nilinyamaza?

"Naiazima hiyo futi ya shingoni," muuguzi akasema.

Kimya akashtuka. Akamtazama mke wake, wifi akatazama chini. Lakini akaivua, ile ile ya tumboni, akampa. Muuguzi akainyoosha kwenye goti.

"Sifuri hadi kumi tu. Sifuri, hutaki kumaliza dawa hata kidogo. Kumi, unataka kwa moyo wote. Weka kidole."

Kidole gumba chenye alama za nyundo kilitembea mpaka nane.

"Na kuwa na hakika kwamba utaweza?"

Kikarudi mpaka tatu.

"Tatu. Kwa nini si sifuri?"

Nilishangaa. Mimi ningeuliza kwa nini si kumi. Kimya naye alishangaa. Akafikiri.

"Kwa sababu chupa mbili nilimaliza. Hazikuniumiza. Na mke wangu yupo." Akanitazama. "Na sitaki Dada azike tena."

Macho yangu yakafanya yao. Sikuweza kupangusa pua kwa kuogopa misumari.

"Nini kingeisogeza tatu mpaka nne, mpaka tano?"

"Nijue nikiacha inakuwaje. Kweli yake, si vitisho."

"Unaniruhusu nikuambie ninachojua? Halafu wewe uniambie unakionaje." Kimya akatikisa kichwa kukubali. "Dawa inawapunguza wadudu siku hadi siku. Ukiacha njiani, waliobaki wanazaana upya, na safari ijayo dawa hii inaweza isiwaweze. Kipimo cha sasa kinaweza kuonyesha safi na kumbe wamejificha, ndiyo maana hakitoshi. Wanaomaliza, wengi sana wanapona. Sikudanganyi, si wote. Ila asiyepona leo ana dawa nyingine ya kujaribu. Siyo kama enzi za kaka yako. Unakionaje?"

Kimya akatazama alipokaa muuguzi.

"Hapo ulipo, springi nimeziweka lakini kamba sijafunga zote."

"Niinuke?" Mama Maswali akasema, na akashika mkoba.

"Kaa, za hapo nimefunga. Za mwishoni bado." Akapitisha mkono juu ya springi hizo, pole pole. "Mtu akikalia huko sasa, zinaruka, zinachana gunia, kazi yote inaanza upya. Hazijaribiwi kabla ya kufungwa." Halafu akasema, kama anajisemea, "Nilikosea. Chupa ya tatu ni kamba. Msumari wa mwisho ni kipimo."

"Kamba," muuguzi akasema.

"Na msumari huo siupigi mimi." Uso wake ulikuwa wa majivu. "Hapo ndipo ninapoogopa."

"Naona. Na hofu hiyo sitakuahidi kuiondoa. Ungependa kufanya nini nayo?"

Mwisho akanyoosha mkono, akaitoa chupa rafuni. "Kidonge kwanza," akasema, "misumari baadaye. Kisipoingia tumboni sigusi msumari. Asinisimamie mtu." Akauliza kuhusu vile alivyotema. Muuguzi akasema hivyo vimepotea, asimeze viwili kwa pamoja kufidia, atamuuliza daktari leo hii na kumpigia simu, huenda wakamwongezea siku mwishoni. Akauliza kuhusu mke wake. Akaambiwa ugonjwa huu unapita kwa damu, si kwa kikombe wala kijiko. Lakini misumari inatoboa fizi, kwa hiyo kila mtu na kopo lake la misumari, na wembe wake, na mswaki wake.

"Hata kwenye mapenzi kila mtu na kopo lake," wifi akasema, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi cherehani ikaanza kwenda.

Nilitema yangu kiganjani. Kimya akaja kuitazama, aone kama imerudi yote.

"Dada," akasema, "umeweza."

"Kwani ulidhani mimi nani?" nikamwambia, lakini sauti ilitoka ndogo.

*

Nilipigwa marufuku kuingia karakana asubuhi. Kukaa nyumbani na hofu ni kazi nzito kuliko kumsimamia mtu. Basi nikatafuta njia yangu. Nyuma ya nyumba yao kuna uchochoro wa kupitisha maji machafu, na dirisha la karakana linautazama. Kila asubuhi nilipita pale kama mtu anayekwenda dukani. Nikisikia tak, tak, najua kidonge kimekwenda, maana alishasema bila kidonge hagusi msumari. Naenda zangu.

Asubuhi moja sikusikia kitu.

Nilisimama. Nikahesabu hatua za kurudi, nikapita tena. Hakuna tak. Cherehani nayo hailii. Maji machafu yalikuwa yananipita chini ya ndala. Nikaona chupa rafuni, nikaona uso umegeukia ukutani, nikaona tumbo. Nikashika mlango wa nyuma, mkono juu, mdomo umeshafunguka na jina lake liko ulimini, na matusi mawili matatu nyuma yake yakisubiri zamu.

Ladha ya chuma ikanijia mdomoni, na sikuwa na msumari hata mmoja. Nikauma meno. Nikashusha mkono. Niliegemea ukuta ule wenye ukungu nikitetemeka kama mtoto aliye kwenye mstari wa sindano, na hapo, peke yangu, nikalijibu swali la Mama Maswali. Jibu sitawaambia. Alitakaye akamuulize yeye, nilikwenda nikamwambia.

Kisha, ndani: tak. Kikapita kitambo. Tak, tak.

Mpaka leo sijui alikuwa anafanya nini. Labda gundi. Sijauliza.

Alimaliza chupa, na vile vya nyongeza alivyoandikiwa na daktari. Kidonge cha mwisho aliniita nikione. Akameza, akafungua kinywa bila kuambiwa, akavuta na shavu kwa kidole, hili na lile. Hakukuwa na kitu ila kile kitanda cha misumari. Baada ya hapo ikaja ile miezi ya kungoja, ambayo sitaki kuikumbuka. Rafu ilikuwa tupu. Alifanya kazi, alikula, alijipima tumbo. Kiti changu kilikaa pale pale ukutani na msumari wake nusu. Sikukiomba, naye hakunipa.

Siku ya majibu walikwenda yeye na mke wake. Mimi nilibaki karakana, kwenye ile ndoo, nikilinda springi zisiibiwe. Nilisikia hatua kabla ya kuwaona. Kimya akaingia wa kwanza. Hakunisalimia. Alipita mbele yangu mpaka kwenye benchi, akafungua kopo lake, akachota misumari, akajaza shavu.

Niliujua mgongo ule. Ndio ule niliousemesha mpaka sauti ikakauka.

Akageuka, akanionyesha kiti kwa nyusi.

"Sikai," nikasema. "Sema kwanza."

Nyusi, tena. Nikainuka, nikakikalia. Kilinibeba. Hakikuzama. Akapiga goti kando yangu, nyundo mkononi, na kwa pigo moja akaupeleka ule msumari mpaka mwisho. Tak.

Wifi alikuwa amefika mlangoni, anahema, viatu mkononi.

"Fundi anasema damu ni safi," akasema.

"Fundi hajasema kitu!" nikapiga kelele. "Fundi hajasema kitu, ateme aseme mwenyewe!"

Kimya akaisukuma misumari yote nyuma ya shavu, kule alikokuwa ananifichia vidonge.

"Hakuna kitu, Dada," akasema. "Kaa vizuri, unachafua kitambaa kwa machozi."